Samaki wa Kupaka Aliyefika Kabla ya Juisi Kwisha

SWALI: Mwezi wa Juni mimi, mume wangu na mama mkwe tulitoka Mombasa kwenda Malindi kupumzika. Kijana tuliyekutana naye ufukweni alitupeleka katika mkahawa mmoja wa upande wa hoteli, akisema ni wa jamaa yake. Tuliagiza samaki wa kupaka mzima, kamba wa kitunguu saumu na wali wa nazi. Mhudumu alituhakikishia kwamba samaki ni kolekole wa leo. Bei yake haikuwemo kwenye menyu, iliandikwa tu kuwa anauzwa kwa uzito. Chakula kililetwa hata juisi hatujamaliza. Samaki alikuwa mkavu na rojo lake limekatika, kamba walikuwa laini mno, wanapondeka, na wali haukuwa na harufu ya nazi. Mama mkwe alisema samaki anamwasha ulimi, na usiku huo uso wake uliiva wekundu kwa saa chache, ila asubuhi alikuwa mzima. Bili ilikuwa hivi: vilivyokuwa na bei kwenye menyu shilingi 4,300, samaki kilo 1.4 kwa 2,200 kila kilo, yaani 3,080, kisha huduma asilimia 10, VAT asilimia 16 na tozo ya utalii asilimia 2, jumla 9,446.40, imeandikwa kwa mkono. Menyu niliipiga picha, na chini yake pameandikwa kuwa bei zote zinajumuisha ushuru. Tulilipa tukaondoka kwa kuwa mama mkwe hakutaka fujo. Je, tulidhulumiwa, au ndivyo mambo yalivyo mahali pa watalii?

JIBU: Dada yangu, nisalimie mama mkwe kwa heshima zote. Umeyataja yaliyompata kwa sentensi moja tu katikati ya malalamiko ya wali na bili, lakini kwangu mimi, niliyekaa miaka mingi katika majiko ya hoteli za pwani na ambaye sasa nafundisha wapishi, sentensi hiyo ndiyo nzito kuliko zote, na kwa hiyo nitaanza nayo.

Kolekole, kama walivyo jodari, nguru na vibua, ni samaki ambaye nyama yake ina wingi wa kitu kiitwacho histidini. Akishakufa akaachwa kwenye joto, iwe ni ndani ya chombo kisicho na barafu, au bandarini juani akisubiri mnunuzi, au katika friza iliyopotelewa na umeme, bakteria huigeuza histidini hiyo kuwa histamini, ambayo ndiyo ile ile mwili wetu huitoa mtu anapopatwa na mzio. Ubaya wake ni kwamba histamini ikishajitengeneza haiondoki tena: moto wa makaa hauivunji, kugandisha hakuiondoi, na ndimu haiifanyi lolote ila kuificha. Samaki huyo huweza asinuke na asibadilike rangi. Mlaji huhisi ulimi ukiwasha mahali ambapo pilipili haikuzidi, na baada ya dakika chache hadi saa moja au mbili uso na shingo huiva wekundu, kichwa hugonga, moyo huenda mbio, na wengine huharisha. Kwa kawaida hali hiyo hupita yenyewe ndani ya siku moja. Wala isikushangaze kwamba wewe na mume wako hamkupatwa na kitu ilhali mlikula samaki yule yule, kwa sababu histamini haisambai sawasawa katika mwili wa samaki na watu nao hawaipokei kwa kiwango kimoja.

Sitoi hukumu ya daktari kwa njia ya barua. Lakini ningependa mama mkwe amweleze daktari wake jambo hili kama lilivyotokea, kwa kutaja aina ya samaki na muda uliopita kabla ya uso kubadilika, kwa sababu nimeona wazee wakiambiwa na jamaa zao kwamba wana mzio wa samaki na kuachishwa kitoweo walichokulia, wakati tatizo halikuwa mwilini mwao bali katika samaki mmoja wa jioni moja. Ikitokea tena, na safari hiyo midomo ikavimba au pumzi ikawa ya shida, msingoje asubuhi. Mpelekeni hospitali pale pale.

Sasa lirudie lile neno la mhudumu, kwamba samaki ni wa leo. Wageni wengi huamini kwamba samaki wa leo ndiye samaki mzuri na samaki wa barafu ndiye mbaya, na wenye mikahawa wanaijua imani hiyo vizuri, ndiyo maana hakuna anayethubutu kukuambia kwamba samaki wake ametoka kwenye friza. Ukweli ni kwamba samaki aliyevuliwa alfajiri akashinda kutwa bila barafu ni wa leo kwa kalenda tu, naye ni wa kuogopwa kuliko yule aliyewekwa kwenye barafu tangu anatolewa majini kisha akagandishwa akiwa bado mgumu. Kwa hiyo simlaumu mwenye mkahawa yule kwa barafu. Namlaumu, kama dalili za mama mkwe zinavyoelekeza, kwa samaki aliyekosa barafu mahali fulani njiani, kisha akauzwa kwa neno lililowafanya ninyi msiulize zaidi.

Swali la samaki huyo ametoka wapi lilistahili kuulizwa hasa kwa sababu mlikwenda mwezi wa Juni. Kusi huanza kuvuma yapata Aprili, na ifikapo Juni na Julai bahari ya nje ya mwamba huwa imechafuka kiasi kwamba vyombo vidogo vya Malindi, vile vya tanga na vya mashine ndogo, siku nyingi havivuki. Wavuvi hubaki ndani ya mwamba wakipata tafi, changu wadogo na, maji ya bamvua yanapokauka mbali, pweza. Kolekole huweza kupatikana hata kusi, lakini kolekole wa kilo moja na nusu aliye tayari kila jioni, kwa kila mgeni aingiaye, katika mwezi ambao hoteli nyingi zenyewe zimefunga au zimepunguza wafanyakazi, ni ahadi ambayo bahari haiiwezi. Matajiri wenye mafriza hununua kwa wingi kaskazi inapovuma, takriban kati ya Novemba na Machi, na akiba hiyo ndiyo inayolisha mikahawa wakati wa kusi. Biashara hiyo ni halali kabisa, na mpishi mzuri anaweza kukupikia samaki wa friza ukashukuru.

Uchache wa wageni nao una madhara yake. Mkahawa wenye menyu ndefu unapopata meza mbili kwa usiku hauwezi kuzungusha chakula chake. Kilichotolewa kwenye barafu jana kikakosa mlaji hurudishwa kwenye barafu, kesho hutolewa tena, na kila safari nyama hupoteza maji yake na ubora wake. Sikuiona menyu yenu, lakini kwa kuwa ilikuwa na samaki wa kupaka na kamba wa kitunguu saumu kwa pamoja, sitashangaa kama ilikuwa pia na piza, tambi, biriani na nyama ya kuchoma. Malindi imekaa na Waitaliano tangu enzi za mradi wa San Marco pale Ngomeni, ambako setilaiti ilirushwa kutoka jukwaa la baharini mwaka 1967 na ile iliyopewa jina la Uhuru ikafuata mwaka 1970, na jikoni mwa mji huu mna mikono iliyojifunza tambi kwa miaka mingi. Nisemalo huenda likawaudhi baadhi ya Waswahili wenzangu, lakini katika mwezi wa Juni, kwenye barabara ile ya hoteli, sahani ya tambi ina nafasi kubwa zaidi ya kuwa chakula kizuri kuliko samaki wetu wa kupaka. Unga na nyanya havingoji upepo.

Nije kwenye upishi wenyewe. Katika yote uliyoyaeleza kuhusu meza ile, lililonieleza mengi zaidi ni juisi. Samaki mzima wa uzito ule huchanjwa, hutiwa chumvi, ndimu, tangawizi na kitunguu saumu, huachwa kidogo ashike viungo, huchomwa kwa makaa ya wastani akigeuzwa kwa uangalifu, kisha hupakwa tui lililopikwa likawa zito, akarudishwa motoni, akapakwa tena. Kazi hiyo haipungui dakika arubaini hata kwa mpishi mwepesi. Samaki aliyefika kabla ya bilauri kuisha alikuwa amechomwa zamani, pengine mchana, pengine kwa ajili ya mgeni mwingine ambaye hakutokea, na mlipoagiza alipashwa moto ndani ya rojo. Nyama ya samaki iliyoiva hukauka kila inaporudishwa motoni, na rojo, hata liwe zito kiasi gani, haliwezi kuurudisha unyevu uliokwisha kutoka. Ukavu ule ulianza muda mrefu kabla ninyi hamjaketi.

Rojo lililokatika lina habari yake pia, na kwa upande mmoja ni habari njema. Tui la pakiti mara nyingi hutiwa vitu vya kulizuia lisitengane, kwa hiyo ukiona mafuta yameelea juu na mashapo yamekaa chini, yaelekea sana kwamba nazi ilikunwa na kukamuliwa pale pale. Kasoro ilikuja baadaye. Tui halitaki kuachwa lichemke bila kukorogwa, wala halitaki ukwaju au ndimu itiwe mapema kwa wingi, na kuliko yote halitaki kupashwa moto mara ya pili kwa pupa. Mpishi yule alikuwa na nazi halisi mkononi akaiharibu kwa haraka. Wali nao naushuku kwa sababu nyingine: inaelekea nazi iliyokamuliwa ilitumiwa kwanza kwenye rojo, na wali ukapikiwa tui la pili peke yake, lile jepesi, ukaongezewa mafuta ili ung'ae. Nyumbani tui jepesi ndilo linaloivisha mchele na tui zito huja mwishoni, wali unapokaribia kukauka, kisha sufuria hufunikwa na kupaliwa makaa juu. Harufu yote mama mkwe aliyoingojea imo katika hatua hiyo ya mwisho. Aliyeiruka ameokoa nazi moja.

Kamba ni kosa la jikoni moja kwa moja, wala kusi haihusiki. Ghuba ya Malindi na Ungwana, inayopokea maji ya Sabaki na Tana, iko jirani, na kamba wake wanajulikana pwani nzima. Kamba akikaa bila barafu akiwa na kichwa chake, vimeng'enya vya kumeng'enyea chakula vilivyomo kichwani huanza kuila nyama ya mkiani, nayo hulegea hadi ikapondeka kwa ulimi. Kamba aliyegandishwa, akayeyushwa na kugandishwa tena hupata hali inayokaribiana na hiyo. Kitunguu saumu kingi huwafaa sana kamba wa namna hiyo, kwa mtazamo wa mwenye duka.

Kuhusu yule kijana, sina mengi. Kumleta mgeni mkahawani kwa kamisheni ni kazi inayojulikana Malindi, Watamu na hata Lamu, na si wizi, lakini kamisheni hiyo hutoka katika bili ya mgeni, na mkahawa unaojaza meza zake kwa njia hiyo haujengi sana tegemeo la mgeni kurudi.

Sasa bili, ambapo jibu langu ni wazi zaidi kuliko kwenye chakula. Ladha ina ubishi, hesabu haina. VAT ya asilimia 16 na tozo ya asilimia 2 inayokwenda kwa Hazina ya Utalii chini ya Sheria ya Utalii ya mwaka 2011 ni vitu vya kweli, havikubuniwa na mhudumu. Lakini menyu yenu ilitamka kwamba bei zote zinajumuisha ushuru, na hivyo shilingi 4,300 mlizokubali zilikuwa tayari na ushuru ndani yake. Kuzitoza asilimia 18 tena ni kulipisha kitu kimoja mara mbili, na kiasi hicho ni shilingi 774. Kwa upande wa samaki, asilimia 18 ya 3,080 ni shilingi 554.40. Hapo mwenye mkahawa anaweza kujitetea kwamba bei ya samaki haikuwemo kwenye menyu na kwa hiyo maandishi yale hayakumhusu samaki. Utetezi huo naona ni dhaifu, kwa kuwa menyu ilisema bei zote, na kwa kuwa aliyeficha bei hawezi kuigeuza siri yake iwe faida yake. Jumla ya mnachopaswa kudai ni shilingi 1,328.40.

Shilingi 738 za huduma ni jambo jingine. Hizo si ushuru wa serikali, ni utaratibu wa mkahawa wenyewe, na kama haukutangazwa mahali popote mlikuwa na haki ya kuukataa kabla ya kulipa. Kuzidai baada ya kulipa ni vigumu zaidi, ingawa kuzitaja hakudhuru. Na kama mlimwachia mhudumu bahashishi juu yake, basi mlimlipa mara mbili kwa ukarimu wenu.

Uzito wa samaki ningewashauri msiushikilie. Karibu nusu ya samaki mzima ni kichwa, mifupa, matumbo na mapezi, kwa hiyo kilo 1.4 zikiwa zimepimwa kabla ya kupaa magamba na kutoa matumbo zinaweza kuwapa watu watatu nyama inayoonekana haba bila mtu kuibiwa. Tatizo ni kwamba hamkuonyeshwa mizani wala hamkutajiwa bei ya kilo kabla samaki hajapikwa. Katiba ya Kenya, katika Kifungu cha 46, humpa mnunuzi haki ya kupata bidhaa na huduma za ubora unaostahili, na haki ya kupewa maelezo anayohitaji ili anufaike nazo. Bei ni la kwanza miongoni mwa maelezo hayo. Safari nyingine ombeni samaki aletwe mezani akiwa mbichi. Mtazameni macho kama yamejaa au yamezama, funueni mashavu muone rangi, mbonyezeni muone kama nyama inarudi, kisha apimwe mbele yenu na bei ikubaliwe kwa sauti, pamoja na kama ni kabla au baada ya kuondolewa matumbo. Hakuna ukosefu wa adabu katika hilo. Wazee wetu hawakununua samaki sokoni kwa njia nyingine yoyote. Bora zaidi, piteni asubuhi muagize chakula cha jioni, mseme mnataka nini na mtakuja saa ngapi. Jiko dogo lenye taarifa ya muda wa saa nane huweza kufanya ambacho jiko kubwa lenye dakika kumi haliwezi. Na wakati wa kusi mwulizeni mpishi kama ana pweza, ambaye hata akitoka kwenye friza hajaharibiwa, kwani kugandishwa humlainisha.

Vilevile, chakula kikija vibaya, kisemeni baada ya tonge la pili, na mseme kwa meneja wala si kwa mhudumu, ambaye hana uwezo wa kufuta chochote kwenye bili. Naielewa haya ya kulalamika mbele ya mama mkwe, na najua kwamba kwa watu wa umri wake kukisema vibaya chakula kilichoandaliwa ni jambo zito. Lakini mume wako angeweza kuinuka, akaenda kuzungumza kando kwa utulivu, na mama asisikie neno. Ulimi wake ulipowasha, sahani ile ilipaswa kurudi jikoni hapo hapo.

Kwa sasa andika barua fupi kwa mwenye mkahawa, uambatanishe picha ya menyu na ya bili, udai shilingi 1,328.40, na uombe risiti ya eTIMS, yaani ya mfumo wa kielektroniki wa Mamlaka ya Mapato, kwa kiasi sahihi. Ombi hilo la risiti lina nguvu kuliko linavyoonekana, kwa sababu mfanyabiashara anayetoza VAT lazima awe amesajiliwa na Mamlaka ya Mapato na atoe risiti ya mfumo huo, na karatasi ya mkono yenye mstari wa VAT ni kitu ambacho hatapenda kieleze kisa chake mbele ya maafisa. Akikaa kimya, peleka nakala kwa Mamlaka ya Kudhibiti Utalii, inayotoa leseni kwa mikahawa ya aina hiyo. Habari ya mama mkwe iandikie barua ya peke yake, uipeleke kwa afisa wa afya ya umma wa Kaunti ya Kilifi, ukitaja tarehe, saa, samaki na dalili, bila kudai pesa na bila kumtuhumu mtu, kwa sababu kazi ya afisa huyo ni kwenda kuitazama friza, na hahitaji kuamini chochote zaidi ya kipimajoto chake.

Katika barua ya madai baki na nambari na picha. Samaki mkavu mtaje kwa mstari mmoja ukipenda, kamba pia. Wali uuache nje kabisa, maana ukiutaja, majibu utakayoletewa yatakuwa juu ya wali.